Matanga ya Malkia wa Kayole

Kayole, Nairobi
Jumatatu asubuhi, kabla samaki hawajafika

Kwa Kavinya, mama yake Mutinda, rafiki yangu na mkaidi kuliko punda wote wa Kibwezi,

Pokea salamu kutoka kwangu na kutoka kwa ploti yote, hata kwa wale wapangaji wapya wa orofa ya juu ambao hawakujui lakini wamechoka kunisikia nikikutaja. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, lakini nalifokea nalo linatulia. Mjukuu wangu Mitchelle ni mzima pia, amerefuka hadi zile nguo ulizomchagulia kwenye belo yako ya mwisho ya mitumba zimekuwa za watoto wa jirani. Sasa nataka kujua wewe u hali gani. Si lile jibu lako la kila siku kwamba Mungu ni mwema. Kwamba Mungu ni mwema najua. Mimi nauliza shingo.

Koki, mkamwana wa rafiki yangu, najua ni wewe unayemsomea barua hii kwa sababu miwani yake aliikalia Krismasi na mpaka leo anasema ataipeleka ikatengenezwe. Soma yote, mwanangu. Soma polepole na kwa sauti, usiruke mahali, hata akikukodolea macho. Akiinuka kwenda kuangalia mbuzi, mfuate na barua mpaka kwa mbuzi.

Naandika kwa sababu simu umeiharibu wewe mwenyewe. Kila nikitaja hospitali unaanza hallo, hallo, Apondi, mtandao umepotea, halafu unakata. Mtandao gani huo unaopotea kwa neno moja tu? Nikikusimulia umbeya wa soko la Gikomba unanisikia hata nikinong'ona. Basi nimenunua karatasi. Barua haina mahali pa kukatia. Shule nilikwenda kidogo, unajua, mimi na mwalimu hatukuelewana, lakini herufi zangu zinasomeka na zimesimama wima, kuliko za hawa wajukuu wanaoandika kwa vidole gumba.

Kaa vizuri sasa, kwa maana nina habari, na tangu Jumamosi nimeishika kama mtu aliyeshika sufuria ya uji wa moto bila kitambaa.

Mama Ngome amekufa.

Ndiyo, malkia wako. Najua hiyo sehemu hujaiona, kwa sababu flashi yako ya video haijatoka Nairobi. Iko hapa, nimeifunga kwenye ncha ya leso, na utaelewa mbele kwa nini sikuipa basi ikuletee kama zile nyingine. Usianze kulia. Na usiseme nimekuharibia utamu. Utamu wenyewe ndio nataka kukusimulia, maana jambo kama hili halijawahi kutokea mtaa huu tangu uhame.

Koki, wewe ulikuwa ukienda shambani wakati mama mkwe wako anatazama, basi nikueleze kidogo ili usimsomee kitu usichokijua. Ni mchezo wa televisheni wa kizungu, wa zamani za watu wa kuvaa chuma na kupanda farasi, na ndani kuna majoka yanayoruka na kutema moto. Unakuja kwa sehemu, sehemu baada ya sehemu. Mama Ngome ni malkia mzee, mjane, anayeshikilia ngome ya mawe ili mjukuu wake aje airithi. Shemeji yake, ndugu ya marehemu mfalme, anaitaka hiyo ngome. Kizungu chao hatukielewi, kwa hivyo kijana wetu Sylvance, mwenye kibanda cha video pale ninapokaangia samaki, huitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti zao, na majina anawapa yeye. Huyo shemeji alimwita Keateka, kama yule mwangalizi wa ploti yetu anayefungia wapangaji milango kodi ikichelewa, kwa sababu kila akitokea anataka kutia kufuli kwenye mlango wa mtu mwingine.

Kavinya, wewe ulinipigia simu baada ya ile sehemu ya karamu, ukicheka mpaka ukakohoa, ukasema yule bibi kizee wa kizungu anatukana kama mtu aliyelelewa Gikomba, ukataka kujua Sylvance amempata wapi mwanamke wa kumsemea. Mimi nikasema hallo, hallo, mtandao umepotea. Huo mchezo hata mimi naujua.

Ni mimi, Kavinya. Mama Ngome ni mimi.

Ilianza hivi. Sylvance alikuwa akimsemea malkia kwa kisauti chembamba cha kubana pua, kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Mimi niko nje na karai langu, nasikia. Nikavumilia sehemu ya kwanza, nikavumilia ya pili. Ya tatu Keateka akamwambia malkia kwamba mwanamke mzee kazi yake ni kuota moto, na Sylvance akamfanya malkia ajibu kwa kulialia. Nikaacha samaki. Nikafungua lile shuka la mlangoni nikamuuliza yeye mama yake ana sauti hiyo? Mwanamke aliyezika mume na kulea ukoo anaongea namna hiyo? Nikamwambia Keateka mwenyewe, pale pale kwenye skrini, kwamba mimi nilikuwa nakuna nazi ya harusi ya kaka yake wakati yeye bado anajikojolea, na kama ana hamu ya moto ajiotee yeye kwanza, makalio yake yana baridi ya uoga. Vijana walianguka kutoka kwenye mabenchi. Sylvance akanipa maiki. Tangu siku hiyo yeye hunieleza kwanza nani amekasirikia nani, na mimi namtazama malkia usoni tu. Kizungu sijui, lakini uso wa mwanamke aliyedhulumiwa nausoma bila miwani.

Mtaani hawaniiti tena Mama Samaki. Watoto wananiita Shosho Ngome, yaani bibi wa ngome. Nikipita wananipigia saluti. Nami nainua mkono kidogo, hivi, kama nilivyomwona akifanya. Usicheke. Najua unacheka.

Sasa Alhamisi iliyopita Sylvance akaja kwenye karai akachukua samaki mkubwa kuliko wote bila kuteta bei. Nikajua kuna msiba. Akakuna kichwa, akaniita Shosho kwa sauti ya kanisani, akasema sehemu mpya imefika na mwisho wake malkia anakufa. Nikamwambia atafute malkia mwingine. Akasema si yeye aliyemuua, wazungu walishamaliza kuipiga hiyo picha kitambo. Nikamwambia mimi ni nyar Alego, binti wa Alego kwa Waluo, mwanamke wa umri wangu hatangazi kifo chake kwa kinywa chake mbele ya watoto wanaotafuna njugu. Akasema nikikataa, akimsemea yeye kwa ile sauti ya mbuzi, watu watamvunjia viti. Nikamwambia vivunjike.

Kisha nikauliza, anauawa na nini? Joka? Akasema hapana. Upanga wa Keateka? Akasema hapana. Akasema ni kidonda. Unakumbuka ile sehemu ya msituni, mshale mdogo ulimpata akasema umempita tu? Haukumpita. Ulimwingia shingoni, karibu na mfupa, naye akafunika kwa ule mkufu mpana wa dhahabu na hakumwambia mtu. Yule tabibu wao mwenye ndevu anamwomba kila asubuhi amtazame, ana kisu kidogo na dawa, anamwambia ni kazi ya muda mfupi tu. Na malkia kila asubuhi anasema kesho. Ana ngome ya kuendesha. Kesho.

Kavinya, mafuta yalikuwa yanachemka mbele yangu na nikasahau samaki. Aliungua mpaka akawa mkaa, mimi nimesimama na kijiko.

Kwa sababu nilikuona wewe. Nilikuona na kile kitambaa chako cha kijani unachojifunga shingoni hata kwenye jua la Kibwezi, watu wakidhani ni urembo. Daktari alikwambia ule uvimbe ni wa kutolewa, akasema ukitolewa mapema si kitu, akakupa tarehe. Ukasema una maharagwe ya kuvuna. Akakupa nyingine, ukasema barabara ina matope. Sauti imeanza kukwaruza, chakula kinakukwama, usiku unalala umeketi, Koki ameniambia yote na usimgombeze, nilimlazimisha. Na tarehe nyingine ni Ijumaa hii. Unamwambia kila mtu kwamba shangazi yako aliwekewa kisu akafa. Shangazi yako alikwenda akiwa amechelewa, Kavinya! Nilikuwepo kwenye matanga yake, ni wewe mwenyewe uliyeniambia hivyo tukiosha vyombo.

Basi nikamwambia Sylvance nitakufa. Lakini nitakufa kwa namna yangu, na asiniingilie.

Jumamosi mchana kibanda kilijaa hata pa kupitisha mkono hakuna. Sylvance hapendi kurekodi peke yake, anataka kelele za watu ziingie ndani, ndiyo maana wewe huko Kibwezi husikia vijana wakipiga mbinja. Watoto wamening'inia madirishani. Keateka wetu, yule halisi wa ploti, amekaa nyuma kabisa, kofia mpaka kwenye nyusi. Spika mbili kubwa ziko nje barabarani za kuwaita wateja. Hizo spika uzikumbuke.

Ikaanza. Wueh, Kavinya! Keateka amekuja na jeshi, mikuki kama msitu wa mikalatusi, na juu yake joka jeusi, mabawa yake yakipita yanaufunika mji wote kwa kivuli. Watu wa ngome wanakimbia huku na huku. Malkia anapanda ngazi za ukuta peke yake, polepole, mkono umeshika shingo. Anafika juu. Keateka anapiga kelele kutoka chini kwamba afungue lango. Hapo Sylvance akanikonyeza.

Nikamwambia Keateka kwamba wanaume wa kufuli nimewaona wengi, wanakuja na kufuli na wanarudi na kufuli, na mlango wangu bado unafunguka na kufungwa na mkono wangu. Nikamwambia arudishe hao watoto wa watu kwa mama zao wakale. Nikamwambia na hilo joka alilolikodi, akumbuke kulilisha, maana limekonda, mbavu zinahesabika, ni aibu. Kibanda kikalipuka. Kijana mmoja akapaza sauti, Shosho ni moto! Kofia ya yule wa nyuma ikazidi kushuka.

Joka likaja. Likashuka mpaka pua yake iko mbele ya uso wa malkia, moshi unatoka puani kama wa lori la taka, na askari wote wamelala chini. Yeye amesimama. Nikaliuliza joka limekula nini, mbona kinywa kinanuka hivyo. Nikaliamuru lifunge mdomo. Na Kavinya, ninaapa, wakati ule ule nikisema, joka likafunga mdomo! Mimi sikujua litafunga. Watu wakapanda juu ya mabenchi. Mwanamke mmoja ambaye simjui alinikumbatia kwa nyuma maiki ikaniponyoka. Joka likageuka, likaruka kurudi kwa waliolileta, likawamwagia moto wao wenyewe, na Keateka akakimbia na suruali yake ya chuma ikimtoka, akaanguka kwenye matope, farasi akamkanyaga kofia. Tulishangilia hata Sylvance akasahau kutafsiri. Ningekuwa na ukuta ningeupanda.

Halafu malkia akaingia chumbani kwake.

Akaketi dirishani. Akavua mkufu. Kibanda kizima kikavuta pumzi, maana ile shingo, Kavinya, ile shingo ilikuwa imeoza chini ya dhahabu. Tabibu akaingia mbio na kisu chake kidogo, akapiga magoti, akaitazama, na mikono yake ikaanguka. Alikuwa amechelewa yeye? Hapana. Kila asubuhi alikuja. Malkia akamshika ndevu, kwa upole, akamwambia neno. Sylvance alikuwa amenipa maneno mengi ya kusema hapo, ya ngome na ufalme na mjukuu. Sikuyasema. Nilisema kesho. Basi. Nikasema, kesho utaitazama. Na kichwa chake kikaegemea jiwe.

Mtoto mmoja dirishani akasema kwa sauti ndogo, Shosho usikufe.

Sasa ngoja nikueleze kilichonikasirisha. Wazungu wale walisimama. Wameshika mishumaa. Hawasemi kitu! Malkia amekufa, mwanamke aliyeshikilia ngome nzima akiwa na mshale shingoni, na wao wamesimama kimya kama watu wanaongoja stima irudi. Hakuna aliyejitupa chini. Hakuna aliyevua kitambaa cha kichwa. Nikamtazama Sylvance, Sylvance akanitazama, muziki wa huzuni unalia pole pole. Nikangoja kidogo, nikijiambia labda ndio wanaanza. Hawakuanza.

Kavinya, nikapiga nduru.

Niliipiga kutoka tumboni, ile ya nyumbani, mikono kichwani, na maiki iko mkononi. Ikatoka kwa zile spika mbili za nje. Ikaenda mpaka Spine Road. Niliyekufa ni mimi na ninayelia ni mimi, lakini nani atangoja watu wa mishumaa?

Unajua watu wetu. Nduru ikilia huulizi kwanza. Wanawake wa ploti walitoka na leso viunoni, wakitimka, wakiitikia kwa nduru zao. Wengine wakaenda moja kwa moja nyumbani kwangu wakaanza kutoa viti nje ili waombolezaji wapate nafasi, kochi langu likawekwa uani, kwenye tope. Fadumo wa duka akafunga duka, akaja na sukari na majani ya chai kifuani, akilia kuliko wote, na kwa nini alilia kuliko wote nitakwambia. Mitchelle akatoka mbio kwa msusi, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine umesimama, viatu mkononi, kwa sababu alisikia ni sauti yangu. Alinikuta nimeketi na maiki, mzima, nalia. Alinikumbatia kisha akanipiga bega, akanikumbatia tena.

Na Mzee Kweyu wa Jeshi la Wokovu, yule Mluhya mrefu, akaja na bendera na ngoma na akina mama wawili wa matari, wamevaa sare tayari, sijui huwa wanalala nazo. Akauliza marehemu ni wa ploti gani. Kijana akamwambia ni wa ngome. Akauliza Ngome ni upande wa Njiru? Wakamweleza ni malkia. Wa wapi? Wa kwenye video. Mzee Kweyu akaitazama ile ngoma yake. Nikajua sasa nitafokewa mbele za watu, nikajiandaa kumfokea kwanza. Lakini akasema ameshaivaa, amekuja nayo mpaka hapa, na ngoma haiwezi kurudi nyumbani bila kupigwa kwa ajili ya mjane aliyeonewa na shemeji. Akaipiga! Barabara ikajaa. Wakaimba, matari yakalia, wenye boda wakazima pikipiki wakavua kofia. Yule Keateka wetu halisi alishika upande mmoja wa bendera. Malkia wa kizungu akaombolezwa Kayole kama mke wa chifu, na mimi nilikuwa nacheka na kulia, kifua kimejaa kama siku ya ubatizo.

Hivyo ndivyo ninavyowasimulia watu. Wewe sitakusimulia hivyo tu, kwa sababu hapo kuna kitu nimekificha. Koki, hapa soma vizuri. Mkalishe.

Kwetu mtu halii hewa tupu. Ukipiga nduru unamtaja marehemu, unasema alikuwa nani na alifanya nini, ili kila anayekuja ajue ni nani ameondoka. Nami nikafungua kinywa nimtaje Mama Ngome, na nikakuta sina cha kumtaja. Ukoo wake siujui. Mama yake simjui. Hata jina ni la Sylvance. Nikakuta kinywa kimeshaanza chenyewe.

Nilimlilia aliyembeba Akech wangu mgongoni na Mutinda wake kifuani na belo kichwani, katika matope ya Gikomba, wakati mimi nimelazwa. Nilimlilia aliyeuona moto unakuja, siku ile soko linaungua, akavuta meza yangu ya samaki kwanza na nguo zake zikateketea, halafu akasema eti meza ndiyo ilikuwa karibu. Haikuwa karibu! Nilimlilia aliyempokonya askari wa jiji rungu akamrudishia na kikombe cha uji. Nilimlilia anayecheka mpaka anakaa chini. Nilimlilia mwenye kitambaa cha kijani. Na jina nililitaja, Kavinya. Nililitaja tena na tena, mpaka spika zikakwaruza.

Ndiyo sababu Fadumo alilia vile. Alisikia jina. Alikumbuka nguo za watoto wake wote ulizomchagulia. Ndiyo sababu flashi iko kwenye leso yangu, kwa maana jina lako limo ndani, na sikutaka uketi peke yako hapo Kibwezi usikie ninavyokulilia. Kayole imekufanyia matanga. Mzee Kweyu amekupigia ngoma na hata hakujui.

Nimekulilia ukiwa unapumua. Sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo, na dawa yake siijui. Nilikwenda kwa Fadumo nikamweleza ukweli, nikamrudishia sukari yake. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Akasema kilichotolewa kwa msiba hakirudi dukani, nimpelekee mwenyewe aliyeliliwa.

Basi dawa nimejitungia. Nakuja. Jumatano nitapanda basi la asubuhi, na barua hii inatangulia na dereva wa leo ili usipate nafasi ya kujifanya umekwenda kwa dada yako. Ijumaa nitakwenda na wewe hospitali. Nitakaa nje ya ule mlango na utaingia mwenyewe kwa miguu yako, si kwa kusukumwa. Ukiogopa, ogopa. Mimi pia nitaogopa, tutaogopa pamoja. Lakini neno kesho nisilisikie kinywani mwako, nimelisema mara moja kwa ajili yako na linatosha. Ukitoka, ukianza kumeza vizuri, nitachemsha chai kwa sukari ya matanga yako na majani ya matanga yako, uinywe mwenyewe, mbele yangu, mpaka tone la mwisho. Halafu tutatazama flashi. Uone joka linavyofunga mdomo.

Na usinibishie. Mtu humlilia rafiki mmoja kwa nduru moja kubwa, na yako nimeshaipiga, yote, imekwisha, iko ndani ya flashi. Sina nyingine. Kwa hivyo kufa huwezi, hakuna atakayekulilia ipasavyo, utaachiwa watu wa mishumaa.

Sylvance anakusalimu, ananiomba sasa niwe joka, nimemwambia nitafikiria. Fadumo anakusalimu. Mitchelle anakusalimu, upande wa pili wa kichwa umeshasukwa. Nisalimie Mutinda, umwambie anitafutie kiti cha kukaa kwa muda, kisiwe kile cha miguu mitatu. Nisalimie majirani na mbuzi. Mungu akulinde mpaka Jumatano, baada ya hapo nitamsaidia.

Ni mimi rafiki yako anayekugombeza kwa sababu hakuna mwingine anayethubutu,

Apondi nyar Alego, mama yake Akech,
Shosho Ngome wa Kayole

Koki, Jumatano weka maji jikoni. Na kile kitambaa cha kijani nikute kimefuliwa na kiko kwenye kamba.